Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Muhtasari unasema: mkutano ulifunguliwa saa nne kamili.
Ulifunguliwa saa sita kasorobo,
baada ya Mwanaidi Semhando kupita vitongoji vyote
akigonga sufuria kwa mwiko,
maana akidi haikutimia
na afisa ardhi kutoka wilayani
alikwisha itazama saa yake mara tatu.

Muhtasari unasema: wajumbe walipitia rasimu ya ramani.
Ramani ilikunjuliwa, ikazidi meza,
na kijiji chetu cha Kwamsige, upande huu wa Muheza,
kilikuwa doa la manjano.
Manjano, ukisoma pembeni,
ni eneo lisiloendelezwa.

Nakiete akasimama. Huyu alipanda michungwa mia mbili
kwa mkono mmoja, mwingine ulibaki
kwenye mashine ya mkonge, zamani.
Akauliza:
"Lisiloendelezwa na nani?"

Nikaandika: Mjumbe aliomba ufafanuzi.

Basi tukaihamishia ardhi sakafuni,
ndani ya ghala la chama cha msingi
ambalo bado linanuka iliki
ya miaka ile bei ilipokuwa bei.
Jivu likawa barabara.
Kunde zikawa nyumba.
Kijito tulikilaza kwa majani ya mchaichai,
tukakipa mita sitini kila upande, pasilimwe, pasijengwe.
Makaburi tukayahesabu kwa vizibo vya soda,
kimoja kimoja, kila ukoo ukitaja wake;
vizibo vikaisha,
tukaendelea kwa punje za mahindi.

Afisa aliacha kutazama saa.
Alichuchumaa.

Ndipo Sefu Hoza, wa bodaboda, akasema toka mlangoni:
"Mnahifadhi umaskini.
Ishirini kwa ishirini, milioni tatu, keshi.
Ninyi mnapanga kunde."
Hakuna aliyemzomea.
Mama yake alikuwa wiki ya tano Bombo,
na bili ya hospitali haisomi ramani.

Nikaandika: Mjumbe alitoa maoni tofauti.

Nakiete hakumjibu. Alimpa punje moja ya kunde,
akasema, "Hii yako. Weka utakapokaa."
Sefu akaizungusha kiganjani kwa muda mrefu.
Hakuiweka popote. Aliitia mfukoni
na mpaka leo sijui maana yake.

Tukabishana juu ya malisho hadi adhuhuri ikapita.
Tukabishana juu ya ekari: isikatwe chini ya moja,
au nusu, kwa wenye watoto saba?
Wapemba wa kitongoji cha chini wakataka njia ya kisimani
ipimwe kwa upana wa wanawake wawili wenye ndoo,
wanaopishana bila kumwaga.
Hicho kipimo afisa alikiandika mwenyewe,
polepole, kisha akakigeuza kuwa mita.

Nami, katibu, nilisimama upande wa mashariki
tangu mwanzo, sikusogea.
Chini ya kiatu changu palikuwa na kona
niliyomuuzia mtu wa mjini mwaka juzi,
usiku, bila serikali ya kijiji,
kwa karo ya mwanangu na kidogo cha bati.
Jivu la barabara lilifika kwenye soli yangu
likakwama.

Mwanaidi alikuwa na mfuko wa jivu.
Alinitazama kiatu, akanitazama uso.
Sauti yake haikupanda:
"Katibu. Inua mguu."

Nikauinua.

Muhtasari unasema: kura za ndiyo sitini na moja,
za hapana kumi na tisa.
Unasema bikoni zitasimikwa baada ya mavuno.
Unasema, Mengineyo: hakuna.

Hausemi kwamba tulipotoka kula
kuku wa jirani waliingia ghalani
wakala kitongoji kizima cha juu, na shule,
na kwamba Nakiete alirudi, akapiga magoti,
akaanza upya kupanga nyumba kwa mkono wake,
akitaja jina la kila mwenye nyumba,
na alipofika mashariki, kwenye ile kona,
akaninyooshea punje
akangoja niseme ya nani.