Buluu, Kumi na Tano

Taa zilizimika kilomita arobaini kabla ya Oruro,
zote mbili, kama macho yaliyopatana kulala.
Mvua ya mawe ilikuwa ikitwanga bati
na shangazi Nemesia hakusema neno.
Alilitoa gari barabarani kwa kukumbuka tu
mpaka magurudumu yakatafuna changarawe.
Breki ya mkono. Injini kimya. Swichi ya taa, zima.
Ufunguo akauchomoa, akautia kifuani.

"Shika tochi, Wilber."
Nilikuwa na miaka tisa, vidole ganzi ndani ya glavu za sufu.
Abiria: mama mmoja na gunia lake la kwinoa,
na Don Fulgencio, mwenye kuku wanne na maoni mengi.

"Hiyo ni fyuzi," akasema Don Fulgencio.
"Ni fyuzi," shangazi akakubali,
akapiga magoti topeni, sketi zake tano zikamtandaa,
akabandua kifuniko chini ya usukani.
Humo ndani, rangi rangi, zimebanana
kama meno ya mtoto mla peremende.
Mchoro wa maelekezo ulikuwa wa Kijapani
na nusu yake imefutika.
Yeye alihesabu kutoka kushoto.

Aliing'oa kwa kikoleo cha plastiki, akaileta kwenye mwanga wangu:
buluu, kumi na tano,
na ule uzi wa ndani, mwembamba kama ukope,
umekatika, umeacha doa la masizi.
"Usiseme imeharibika. Imefanya kazi yake."

Akaweka nyingine, buluu kwa buluu.
Ufunguo. Swichi. Mwanga ukaja
kwa muda wa kupepesa jicho,
tukaona lama watatu wametukodolea macho,
kisha tap,
na giza likarudi zito kuliko lile la kwanza.

Don Fulgencio akatoa chokoleti mfukoni.
"Viringisha karatasi hii inayong'aa, uichomeke hapo.
Au weka ile ya kijani, ya thelathini.
Watu wanafanya hivyo. Wanafika."
"Wanafika," akasema shangazi.
"Kaka yangu Casimiro alifika.
Alifika Challapata na moto nyuma ya dashibodi.
Akamtoa mkewe. Akarudi kuchukua koti."

Mawe yakaendelea kupiga bati.

Fyuzi ya tatu ilikuwa ya mwisho. Hakuiweka.
Aliibana midomoni kama mshonaji na pini yake,
akafungua boneti, akalegeza nati ya betri,
akaufuata waya kwa kidole, inchi kwa inchi,
hadi nyuma ya taa ya kushoto:
ganda limelika kwa kusuguana na chuma,
shaba uchi, imelowa.
Akaipangusa kwa pindo la shali,
akaizungushia utepe mweusi mara tatu, mara nne.
Ikabaki kuufunga waya mbali na chuma.
"Don Fulgencio, nipe kamba."
Kamba pekee ilikuwa kwenye miguu ya kuku.

Ndipo akaitoa ya tatu mdomoni, akaikausha, akaichomeka.
Taa zikawaka. Zikabaki zinawaka.
Tulizitazama muda mrefu, kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua.

Mpaka Oruro kuku mmoja alitembea juu ya magoti yetu apendavyo.
Don Fulgencio alinipa nusu ya chokoleti
na hakutoa ushauri tena.
Zile mbili zilizokufa nilizificha ndani ya glavu.
Zilikuwa na joto bado, au ni mkono wangu.