Mgonjwa wa Jumanne

Kila Jumanne, saa nne kasoro robo, naugua.
Nalipwa kwa saa, na kahawa juu yake.
Jina langu nalitundika kabatini pamoja na koti:
Deolinda, fundi cherehani, mstaafu.
Naingia chumbani nikiwa Albertina,
mjane, miaka sabini na sita, moyo umechoka kusukuma,
ghorofa ya tatu, hakuna lifti.

Nyumba yangu hiyo ina kuta tatu.
Wa nne ni kioo, na nyuma ya kioo
yuko Mwalimu Graciete na kalamu yake.
Dirisha ni la rangi tupu: mlima, theluji kidogo,
Bragança ya kwenye kalenda.
Bomba halitoi maji. Jibini ni ya plastiki.
Ila mlango ni mlango kweli, ukiubamiza unalia,
na mimi wanafunzi nawajulia mlangoni.

Yuko anayegonga huku ameshaingia, kama mdai kodi.
Yuko aliyefungua friji kabla ya kunisalimu.
Mmoja, mwezi Februari, alizungumza na tableti
dakika saba nzima, nami nikawa nashona kwa macho
tundu lililokuwa begani mwa sare yake.
"Mama, unakunywa maji kiasi gani?" aliiuliza skrini.
Nikaiachia skrini ijibu.

Nimefunzwa kudanganya.
Karatasi inasema: Albertina huikata tembe nusu
kwa sababu ya bei, na haya humziba mdomo.
Karatasi inasema: ukiulizwa chumvi, cheka.
Nacheka. Sisi huku milimani
samaki hutufikia mkavu, kasimama kama ubao kwa chumvi;
twamloweka siku mbili, twabadili maji, twabadili tena,
na bado usiku kiu inakuamsha.
Nani atamwambia bibi wa hapa aipike Krismasi chapwa?

Leo kaja Leandra, binti wa mwoka mikate wa Vinhais.
Akagonga. Akangoja. Akazidi kungoja.
Akapangusa viatu kwenye zulia
ambalo halijawahi kuona tope.
Akaketi chini kuliko mimi.
Hakuuliza, "Unameza dawa?" Alisema,
"Nionyeshe zinapokaa," na kile kisu kidogo
nilichowekewa kando ya tembe akakiona,
akakifunika kwa kiganja
kama mtu anayesitiri deni la mwenziwe.
Kisha: "Naomba nione miguu."

Miguu haikuwa ya Albertina.

Akavua soksi. Mpira ulikuwa umechora pete.
Akabonyeza muundi kwa kidole gumba,
akahesabu hadi tano, akakiinua.
Shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa.
Tukalitazama sote wawili likijaa polepole,
mithili ya mtu mzima apandaye ngazi
na kupumzika kila ghorofa.

Hili halimo kwenye karatasi.

Kipaza sauti kikakohoa: "Leandra, endelea. Ushauri wa lishe."
Hakuendelea. Aliinama hadi nikanusa
mnanaa kwenye pumzi yake,
akanong'ona, kioo kisisikie:
"Si yeye. Wewe. Unalalia mito mingapi?"

Asubuhi ile nilikuwa nimeandaa uongo mwingi,
wote wa Albertina. Wangu sikuja nao hata mmoja.
"Mitatu," nikasema. "Tangu Septemba.
Wa nne uko kitini, unasubiri zamu."

Nyuma ya kioo, kalamu ikaanguka.

Alama alizopewa sizijui. Alipitisha muda,
lishe hakuigusa, mikono hakuosha mara ya pili.
Mimi nilimvua Albertina, nikavaa koti,
na Graciete mwenyewe akanipakia garini kwenda hospitali,
akiendesha kama mtu aliyebeba mayai.
Kwenye mzunguko nikamwambia:
nyumbani kuna samaki kwenye beseni,
hajabadilishwa maji tangu jana.

Akauliza, "Ufunguo uko wapi?"