Daftari la Mama

Mvua ya Kandete haibishi hodi.
Inaingia na ukungu wake hadi uvunguni mwa kitanda,
inakaa kama mgeni asiyetaja siku ya kuondoka.
Huu ni mwezi wa saba tangu kiwanda cha chai kifungwe.
Tangazo la kwanza lilisema wiki mbili,
la pili likasema tuwe wavumilivu,
la tatu limelowa, halisomeki.
Chai shambani imekuwa miti.

Nilikuwa natafuta karatasi ya shamba la migomba,
lile la bondeni. Nilitaka kuliuza. Mke wangu hajui.
Ndani ya sanduku, chini ya kitenge kinachonuka moshi,
nikakuta daftari lisilo na jalada.
Mistari imepigwa kwa rula:
Tarehe. Kitu. Kutoka kwa. Imelipwa.
Haya, nikasema, na madeni ya marehemu sasa.
Nikakaa juu ya gunia la viazi niyahesabu.

"Machi 1979. Chumvi, nusu kikombe.
Kaleta mama Subilaga. Aliyemtuma ni Kyala."
"Agosti. Sabuni, kipande. Haikuwa zamu yangu."
"Mei 1982. Foleni duka la kaya tangu alfajiri,
nimerudi mikono mitupu.
Usiku ng'ombe kazaa."
Na safu ya Imelipwa,
ukurasa hadi ukurasa, haina hata nukta.

Kisha: "Julai 1984. Lwitiko."
Basi.
Hakuna kitu, hakuna kutoka kwa.
Kalamu imetoboa karatasi pale alipoanza neno akaliacha.
Lwitiko alikuwa kaka yangu. Surua.
Mimi nilikuwa bado wa mgongoni.
Ukurasa unaofuata mtupu, na unaofuata huo.
Niliifungua taratibu, kama mtu anayepita mbele ya msiba.
Halafu Septemba, mwandiko umeinama:
"Wanawake wamenilimia shamba. Sikuwaomba.
Sijui nimwandike nani.
Namwandika Yeye, ingawa bado nina neno naye."

Ingawa bado nina neno naye!
Mama Tupokigwe, aliyeimba sauti ya pili kanisani
macho kayafumba, viatu kavivua,
alinuniana na Mungu wake miezi miwili
na hakuhama nyumba.

Nami nilidhani uaminifu ni paa lisilovuja.
Letu lilivuja, nakumbuka,
na kila lilipovuja palikuwa na sufuria chini yake,
na kulipokucha, maji ya sufuria ile ile
ndiyo tuliyochemshia chai.

Karatasi ya shamba sikuipata.
Au niliacha kuitafuta.
Kesho huenda nikaitafuta tena, sijui;
njaa haina adabu.
Mke wangu ameingia na kuni zilizolowa, anakohoa,
anauliza nafanya nini gizani na daftari.
Nikamwambia nasoma.
Akaniambia nipulize moto.

Nje, mlima Rungwe hauonekani.
Leo siku ya tatu hauonekani.
Sijasikia mtu hapa kijijini akiuliza kama bado upo.
Walioko mteremkoni wanaupanda tu,
wakitazama wapi pa kuweka mguu.

Nimeazima kalamu ya mwanangu,
ya bluu, inayogoma mpaka uipumulie.
Chini ya mstari wa mwisho wa mama nimeandika:
"Aprili. Kuni mbichi. Zimewaka."
Nikafikiri kidogo, nikaongeza:
"Kiwanda bado."
Safu ya mwisho nimeiacha
kama alivyoiacha yeye.