Hesabu ya Ndoo

Mnunuzi kaja na sumaku mfukoni.
Kaizungushia leso isikwaruze rangi,
kaipitisha mlangoni, kwenye madigadi, chini ya buti,
pale ambapo wauzaji waongo huziba kutu kwa puti.
Sumaku ikanasa. Ikanasa. Ikanasa kila mahali
kama kupe.
"Bati lenyewe," akasema, koromeo likapanda, likashuka.
"La mwaka sitini na sita. Lindi hii hii, na chumvi yake yote?"

Mastangi. Sisi tuliliita Farasi,
kwa yule wa chuma anayekimbia puani mwake,
ingawa Mitwero hakuna aliyewahi kuona farasi wa nyama.
Usukani kushoto, dereva anachungulia mtaroni.
Silinda nane. "Na watoto tisa," mama huongeza,
"nimelishinda kwa moja."

Baba alipewa badala ya mshahara.
Mgiriki wa mkonge kule Kikwetu aliamka siku moja shamba si lake,
akaondoka na masanduku mawili na mbwa,
akamwachia fundi wake ufunguo
na miezi kumi na saba isiyolipwa.
Wenzake walibeba mabati, kamba, baiskeli. Wakauza, wakala.
Baba akajenga banda la Farasi,
kisha akajenga chumba chetu.
Kwa mpangilio huo.

Nitasema kweli, kwa kuwa tangazo halisemi:
halikwenda popote.
Mara moja kwa mwezi aliliwasha,
vikombe vikalia kabatini,
harufu ya petroli ikalala kwenye mbaazi,
kisha akazima, akafunika turubai,
akatabasamu mpaka usiku.

Lakini chumvi. Chumvi ya Lindi haina adabu:
inakula bawaba, inakula misumari,
imekula kengele ya shule ikabaki mpini.
Basi kila Ijumaa, kabla ya swala, maji matamu kutoka kisimani.
Baba aliosha.
Aliyebeba hayumo kwenye kadi ya gari.

Eda ilikwisha Jumatano. Alhamisi nikabandika tangazo.

"Punguzeni kidogo," mnunuzi akasema,
"barabara ya Somanga imenivunja mgongo."
Nikafungua mdomo. Mama akatoka jikoni
na maganda ya muhogo mkononi.
"Ndoo mbili kila Ijumaa," akasema.
"Miaka thelathini na tisa. Wewe una simu, piga hesabu."
Akabonyeza. "Elfu nne na hamsini na sita."
"Toa Ijumaa za masika. Nilikinga paani."
Akatoa.
"Toa na arobaini zangu za uzazi, mara tisa..."
Akasita.
"Hapana, acha. Ya Somoe tu ndiyo nililala.
Nyingine nilibeba na mkaja tumboni."

Mnunuzi akaitazama simu muda mrefu,
kama imemjibu kitu ambacho hakuuliza.
Hakuomba punguzo tena.

Kabla hawajalipandisha kwenye lori lililoleta soda
alifungua mlango. "Mama, keti basi, hata kidogo."
Nikajua hapo, na umri wangu huu, kwamba hajawahi.
Mama akakitazama kiti chekundu,
akapapasa bega lake, kavu siku hiyo.
"Nitakilowesha," akasema.

Ijumaa iliyofuata nikamwona anatoka kisimani,
ndoo kichwani, nyingine mkononi.
Nusu ya njia akasimama. Akakumbuka.
Hakumwaga.
Akaja nazo mpaka bandani, kwenye ule mstatili wa udongo mkavu
wenye matone manne ya oili,
akaketi juu ya gogo la jeki,
akavua kandambili,
akaosha miguu yake. Taratibu. Kidole kwa kidole,
kama mtu anayesafisha rimu.