Daftari la Chongo

Ukurasa wa kwanza wino umepauka:
mkanda wa taimingi, pampu ya maji, kazi ya fundi,
yeni elfu themanini na mbili.
Shigenobu alinipa risiti akiwa amefumba macho
kama mtoto anayesubiri sindano.
Tangu siku ile mimi ndiye karani wa gari hili,
viti viwili, jekundu, rika moja na ndoa yetu.

Huku Nagaoka theluji huja kwa kimo cha mlango.
Manispaa imezika mabomba katikati ya barabara,
yanarusha maji ya chini ya ardhi kuiyeyusha,
na maji yale yana chuma: lami yote imegeuka rangi ya kutu.
Mji wenyewe unaliwa polepole chini ya magurudumu,
sembuse bati la kizingiti
ambalo fundi Igarashi alilibonyeza kwa kidole gumba,
kidole kikaingia.
Alikitoa, akakitazama, akaniomba radhi mimi.
Yeni laki moja na elfu arobaini. Upande mmoja.

Klachi. Rejeta. Rejeta tena,
maana ya kwanza tulitafuta ya bei poa;
rahisi huvunja upishi, nilimwambia, hakunisikia.
Turubai la paa likapasuka kwenye mvua,
nikakaa na sufuria mapajani kutoka Kashiwazaki hadi nyumbani.
Kodi ikapanda lilipotimiza miaka kumi na mitatu;
serikali nayo huchoshwa na wazee.
Na kila ukaguzi, yule mkaguzi mwenye glavu nyeupe
hupata bushi iliyokufa
mahali ambapo hatukujua kuna bushi.

Halafu taa.
Taa zake hulala ndani ya boneti; ukiwasha, huinuka
kama kope za mtu aliyeitwa kwa jina.
Mwaka wa ishirini na sita ya kushoto ikagoma.
Tukashuka mlima usiku kwa jicho moja,
Shigenobu anacheka: "Linaikonyeza barabara."
Ukipenda chongo utaita kengeza.
Mimi nilikuwa na daftari. Sikuita kitu.

Magoti yake sasa hayakunjiki kuingia mle,
kiti kiko chini kama mkeka.
Mwezi wa nne nikajumlisha kurasa zote,
nikarudia kwa kuwa sikuamini:
yeni milioni tatu, laki moja, elfu sita na mia nne.
Tulilinunua kwa milioni moja na laki saba.
Nikatangaza linauzwa.

Akaja kijana kutoka Saitama, Ryohei,
viatu safi, tochi ndogo mfukoni.
Akalala chini yake, akainuka, akauliza kwa adabu:
"Mama, linaaminika?"

Nikafungua mdomo nimwambie hapana.
Pembeni limesimama lile dogo jeupe la sokoni,
miaka kumi na mmoja halijazima hata mara moja,
na sikumbuki safari yake hata moja.
Hili jekundu nalijua. Asubuhi ya baridi hukohoa mara mbili,
ya tatu ndipo liwake.
Najua harufu ya rejeta inayokaribia kuchemsha,
tamu, kama sharubati iliyoungua.
Naujua mteremko tuliokesha tukingoja gari la kuvuta,
chungwa moja tumeligawana kwa kucha,
vioo vimejaa ukungu wa pumzi zetu,
na ni usiku ule tu aliponieleza
habari za mdogo wake aliyezama.
Usiku ule niliuandika hivi: kuvutwa, elfu ishirini na mbili.

"Linaaminika kuharibika," nikamjibu.
"Ila litakuonya kwanza, ukisikiliza."

Kijana akasema atafikiria. Akainama, akaenda zake.
Dirishani Shigenobu alijifanya anasoma gazeti.

Nikampigia Igarashi.
Jioni nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe,
mota ya taa, kushoto, mtumba, yeni elfu tisa,
kisha, kwenye safu ya maelezo ambayo sijawahi kuijaza:
kengeza.