Safu ya Kumi na Mbili

Daftari la zahanati lina safu kumi na moja.
Jina. Umri. Jinsi. Kitongoji. Uzito.
Dalili, kisha ugonjwa, kisha dawa,
na nyingine ambazo wilaya pekee ndiyo huzisoma.
Nimelijaza miaka tisa kwa kalamu ya bluu.
Mwezi wa saba, baridi ya Mafinga ikiuma vidole,
mwandiko wangu hurudi darasa la kwanza.

Onesmo Kihwele, 34, kikohozi.
Onesmo Kihwele, 34, kikohozi.
Onesmo Kihwele, 35, kikohozi.
Makohozi tulipima mara tatu: si kifua kikuu.
Tukampa amoksilini. Tukampa nasaha, aache sigara.
Akacheka hadi akakohoa.
Ni Mlokole, sigara hajawahi hata kumshikia mtu.

Chini yake, Vestina, mkewe: macho, kichwa.
Chini yake tena, Furahini, miaka miwili, nimonia.
Mara ya pili, nimonia.
Nikasema moyoni, ukoo huu una mapafu ya karatasi.

Jumamosi moja nikakifuata kikohozi kilikotoka.

Kamwene, walisema kiwandani, na sikuwasikia,
msumeno ulikuwa unaongea peke yake.
Gogo la paini linaingia zima,
linatoka mbao, mabanzi, na unga wa njano
unaoelea, mtamu kunusa, kama mkate wa mtu mwingine.
Onesmo alikuwa na kope za nyuki aliyetoka kwenye alizeti.
Puani amefunga kipande cha kitenge.
Barakoa zipo, msimamizi alinionyesha,
boksi zima, kabatini, na ufunguo anao mwenyewe:
hutolewa mkaguzi akija.
Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa anakohoa.

Jioni Onesmo hubeba kiroba cha unga ule.
Ni haki yake, kama posho.
Nyumbani Vestina huushindilia kwenye kopo la rangi,
chupa katikati, anaichomoa, anawasha chini,
jiko linawaka taratibu mpaka ugali na maharage
na maji ya kumwogesha mtoto.
Kuni hanunui. Mkaa ni wa wenye mishahara.
Mti uleule:
mchana unamwingia mmoja kama vumbi,
usiku unawaingia wote kama moshi.

Nikatazama ukuta wa mabanzi, nyufa zimezibwa
kwa udongo, magazeti, soksi moja ya mtoto.
Nikasema nilichofundishwa kusema,
kilichoandikwa kwenye bango letu, na jua limechorwa pembeni:
Mama, fungua dirisha.

Vestina akanyoosha kidole penye gunia lililopigiliwa misumari.
"Nilikuwa nalo, nesi.
Mwezi wa sita maji yaliganda kwenye beseni, humu ndani.
Ulitaka nimpe mtoto moshi, au nimpe barafu?
Chagua wewe, uliyesoma."

Sikuchagua.
Nilikunywa chai yake, nikikohoa kwa adabu.

Jumatatu nikachukua rula.
Pembeni ya dawa, penye nafasi ndogo iliyobaki,
nikapiga mstari, nikaandika juu yake: *Anapumua nini.*
Mratibu wa wilaya alipopita, akanikemea kwa wino mwekundu:
Daftari la serikali lisiongezwe safu.
Kweli. Nikahamia kwenye penseli.

Wiki hii: vumbi. Moshi. Moshi.
Dawa ya viazi, amepuliza tangu alfajiri, upepo ukimrudia.
Moshi. Vumbi. Moshi.
Mtoto wa Vestina, moshi,
ingawa kiroba sasa hukaa nje, na jiko hukaa nje
mpaka mvua inyeshe.
Kuhusu ufunguo wa kabati nimeandika barua mbili.

Penseli inafutika, najua.
Ndiyo maana nakandamiza:
atakayefuta, afunue ukurasa wa chini,
apapase kwa kidole.