Herufi g

Semboja alikuwa akikopa kwangu kila kitu:
wino, kiberiti, shati la kwendea benki.
Hata maiti.
"Niazime mmoja," aliniambia usiku, Barabara ya Kumi na Mbili,
"nimefika sura ya tano na hajafa mtu."
Nikampa karani wa ghala la mkonge
niliyekuwa nimemweka akiba.
Akamuua vizuri kuliko ambavyo ningemuua mimi.

Karatasi ilikuwa adimu kama sukari.
Tulichapwa kwenye kijivu kinachochafua vidole,
jaladani mwanamke mwenye bastola
asiyekuwemo kitabuni.
Shilingi saba, pale stesheni, kando ya mayai ya kuchemsha.
Treni ikifika Korogwe abiria wameshamjua muuaji.
Wasomi wakasema: takataka.
Basi tukikutana Ngamiani ikawa ndiyo salamu:
"Habari za takataka?"
"Zanuka vizuri."

Kisha ile homa. Nimelazwa Bombo,
mchapaji anataka muswada Ijumaa,
sura ya tisa haipo.
Semboja akaja na kurasa kumi na moja chini ya kanzu.
"Soma, chana, andika upya kwa mkono wako."
Sikuandika upya.
Nilihamisha koma mbili.

Ndiyo ile sura: inspekta na mama wa muuaji
wanamenya muhogo,
hakuna anayetaja jina la mtoto
mpaka chungu kichemke.
Siku hizi watoto wanaifanyia mtihani.
*Eleza ufundi wa mwandishi.*
Mimi nimepewa ngao, na kiti cha mbele.
Yeye vitabu vyake vimefungia karanga.

Siku ya tatu ya matanga, Makorora,
mhadhiri kutoka Dar akaniinamia sikioni:
"Marehemu alikuiga, lakini aliiga kwa heshima."
Nikapuliza kahawa iliyokwisha poa.
Bi Mwanakombo, mjane,
aliyelala miaka thelathini na mlio wa mashine ile,
alipita na sinia.
Hakusema kitu. Alinijazia kikombe mpaka kikafurika.

Mashine yake ilikuwa na kilema:
g iliruka juu ya mstari
kama mtoto anayechungulia ukutani.
Kurasa ninazo, kumi na moja,
ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda.
Mpelelezi yeyote wa shilingi saba
angenikamata kabla ya Korogwe.

Zamani msomaji mmoja wa Pangani alinilalamikia kwa barua:
muuaji wako ana akili, ilikuwaje
asichome ushahidi?
Sikuwa na jibu. Nikampelekea Semboja.
Alicheka mpaka akakohoa, akavuta mashine,
akaniandikia la kumjibu, mstari mmoja,
g zote zikiruka:

*Huenda alikuwa akingoja mtu agonge.*